Historia ya Bastola ya Mauser C96: Kutoka Oberndorf hadi Nanchang

Miongoni mwa bastola za kwanza zilizoweza kujipakia zenyewe, ni chache zilizofika mbali kama ile iliyobuniwa katika kiwanda cha Mauser mjini Oberndorf, kwenye bonde la mto Neckar, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Kiwanda kiliiita C96, herufi C ikiwa kifupi cha neno la Kijerumani lenye maana ya muundo, na tarakimu zikionyesha mwaka 1896 ilipoanza kuundwa kwa ajili ya kuuzwa. Katika muda wa miaka arobaini hivi ziliundwa bastola zinazokaribia milioni moja, bila kuhesabu nakala zilizofanywa Hispania na China, na hata hivyo jeshi la Ujerumani halikuifanya wakati wowote kuwa bastola yake kuu. Kila hatua ya kuenea kwake ilitokana na jambo lililotokea nje ya kiwanda: dola iliyoanguka, mkataba wa amani, marufuku ya biashara, au wapiganaji waliokosa bunduki. Walioibuni walikuwa mafundi watatu. Walioipa nafasi katika historia walikuwa wanunuzi wake.

Baruti, moshi na teke la bunduki, 1836–1893

Katika sehemu kubwa ya karne ya 19, bastola ya kivita ilikuwa rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka na kubeba risasi tano au sita, ambayo Mmarekani Samuel Colt aliipatia hataza ya nchi yake mwaka 1836. Nguvu ya kuizungusha silinda na kuleta risasi nyingine mbele ya mtutu ilitoka katika mkono wa mpigaji mwenyewe. Wazo la kwamba nguvu hiyo ingeweza kutoka katika risasi yenyewe halikuwa gumu kufikirika, kwa sababu kila aliyewahi kufyatua bunduki alilijua teke lake begani. Kikwazo kilikuwa baruti.

Baruti nyeusi, ile ya mchanganyiko wa shura, salfa na makaa, iliacha masizi mazito ndani ya mtutu kila ilipowaka, kiasi kwamba mtambo wowote wenye vipande vinavyoteleza ungekwama baada ya risasi chache. Isitoshe, ilitoa wingu la moshi mweupe. Historia ya Afrika Mashariki inao mfano wa karibu: Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, wengi wa askari Waafrika katika jeshi la kikoloni la Wajerumani walikuwa bado wanabeba bunduki ya Mauser ya muundo wa 1871, ambayo moshi wake ulimwonyesha adui mahali hasa alipolala mpigaji. Baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba mwaka huo, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi hilo, aliokota mamia ya bunduki za kisasa zilizoachwa na vikosi vilivyoletwa kutoka India, na hazikuwa nyara ndogo kwake, kwa kuwa hizo zilipigwa bila kumfichua aliyezishika.

Tofauti hiyo ilitokana na kazi ya mkemia Mfaransa Paul Vieille, ambaye mwaka 1884 alitengeneza baruti isiyo na moshi, iliyoungua karibu yote bila kuacha masizi mengi na iliyosukuma risasi kwa nguvu kubwa zaidi. Jeshi la Ufaransa liliipokea pamoja na bunduki ya Lebel mwaka 1886, na katika muda wa miaka michache kila dola ya Ulaya ilikuwa imelazimika kufuata. Katika miaka hiyohiyo Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia London, alikuwa ameonyesha bunduki ya rashasha iliyolitumia teke lake mwenyewe kutoa ganda tupu na kupakia risasi mpya, silaha ambayo Waswahili waliijua kwa mlio wake wakaiita bombomu. Baruti safi na kanuni ya Maxim vilipokutana, bastola ya kujipakia ikawa jambo la muda tu.

Wa kwanza kuifikisha sokoni kwa mafanikio ya kuridhisha alikuwa Hugo Borchardt, mzaliwa wa Magdeburg aliyefanya kazi miaka mingi katika viwanda vya silaha vya Marekani, kisha Budapest, na hatimaye katika kampuni ya Ludwig Loewe mjini Berlin. Bastola yake ya 1893 iliweka risasi nane ndani ya mpini, mahali ambapo bastola nyingi huziweka hadi leo, na risasi yenyewe, ya kipenyo cha milimita 7.65, ilikuwa na ganda lililobanwa shingoni kama chupa. Lakini silaha hiyo ilikuwa ndefu, yenye kibyongo cha chuma kwa nyuma, tena ghali, na ziliundwa takribani 3,000 tu. Umuhimu wake kwa kisa hiki uko mahali pengine: tangu mwaka 1887 kampuni ya Loewe ilikuwa na hisa nyingi za kiwanda cha Mauser, hivyo ujuzi wa Berlin ulifika Oberndorf kwa kupitia mlango wa wenye mali.

Karakana ya ndugu Feederle, 1893–1896

Kiwanda cha Oberndorf kilianzishwa mwaka 1811 na mfalme Friedrich wa Württemberg ndani ya majengo yaliyokuwa ya watawa wa Mtakatifu Augustino. Mwaka 1874 kilinunuliwa na ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, watoto wa mfua bunduki wa mji huohuo, ambao bunduki yao ya 1871 ilikuwa imechaguliwa na jeshi la dola mpya ya Ujerumani. Wilhelm, aliyekuwa hodari wa biashara, alifariki mwaka 1882, na Paul, ambaye moyo wake wote ulikuwa katika mitambo ya bunduki, akabaki akitimiza maagizo makubwa ya serikali za nje, hasa Uturuki. Bastola haikuwa shughuli iliyomshughulisha sana.

Waliojishughulisha nayo walikuwa Fidel Feederle, msimamizi wa karakana ya majaribio, pamoja na ndugu zake Friedrich na Josef. Walianza kazi hiyo mnamo mwaka 1893 au 1894, na tarehe 15 Machi 1895 bastola ya kwanza ilikuwa imekamilika. Mwajiri wao, alipoona inafanya kazi, aliikubali kwa moyo wote na kuiombea hataza mwezi Desemba mwaka huo kwa jina lake, kama ilivyokuwa desturi ya viwanda vya wakati ule. Ndiyo sababu ulimwengu mzima unalijua jina la Mauser na karibu hakuna anayelijua la Feederle, jambo ambalo mwandishi wa historia anao wajibu wa kulirekebisha kila anapopata nafasi.

Tarehe 20 Agosti 1896 bastola hiyo ilionyeshwa kwa Kaisari Wilhelm II katika uwanja wa shabaha wa Katharinenholz, karibu na Potsdam. Kaisari alipendezwa nayo, na katika Ujerumani ya wakati huo kupendezwa kwa mfalme kulihesabiwa kuwa nusu ya agizo. Nusu ya pili haikuja.

Jinsi mtambo unavyofanya kazi

Katika bastola hii mtutu na sehemu ya nyuma inayobeba komeo ni kipande kimoja cha chuma. Komeo ni nondo ya pembe nne inayoziba nyuma ya risasi wakati wa kufyatua. Risasi inapolipuka, mtutu na komeo hurudi nyuma pamoja kwa milimita chache vikiwa vimefungwa na kipande kidogo chenye meno mawili kilicho chini. Wakati risasi imekwisha kutoka mtutuni na shinikizo limeshuka, kipande hicho huinama, meno yake huchomoka, na komeo huachiwa liendelee na safari peke yake. Likienda nyuma hulitupa ganda tupu na kuilaza nyundo, yaani kile kipande kinachokwenda kugonga fataki ya risasi. Springi ikilisukuma mbele tena, huchukua risasi mpya na kuiingiza mtutuni. Mpigaji hana budi kuvuta kifyatulio kwa kila risasi, ndiyo maana silaha ya aina hii huitwa ya nusu-otomatiki, kwa kuwa hujipakia yenyewe lakini haijifyatui yenyewe.

Mafundi wa Oberndorf walifanya jambo ambalo hadi leo huwashangaza wanaoifungua: ndani ya mtambo hakuna skrubu wala pini hata moja, kila kipande kikishikiliwa na kingine, na skrubu pekee katika bastola nzima ni ile inayobana vibao viwili vya mpini. Uzuri huo ulikuwa na gharama yake, kwani kila kipande kilichongwa kwa mashine kutoka katika chuma kizima, kwa saa nyingi za mafundi stadi.

Umbo lake lilikuwa la pekee. Sanduku la risasi lilikuwa mbele ya kifyatulio badala ya kuwa ndani ya mpini, na kwa kawaida lilibeba risasi kumi zilizopangwa katika safu mbili, zikishindiliwa kutoka juu kwa kibanio chembamba cha chuma. Mpini ulikuwa mwembamba na wa mviringo, na Waingereza wakaufananisha na mpini wa ufagio. Ala yake ilikuwa ya mbao, yenye uwazi ndani wa kuitia bastola, na iliweza kupachikwa nyuma ya mpini ikawa kitako cha kuegemeza begani, hivyo silaha moja ikatumika kama bastola na kama bunduki fupi. Risasi ilikuwa ile ya Borchardt iliyoongezwa nguvu, nayo Mauser aliiita ya milimita 7.63, yenye uzito wa gramu 5.5 hivi, ilitoka mtutuni kwa mwendo wa mita 430 kwa sekunde, kasi ambayo risasi nyingine za bastola hazikuifikia kwa miongo kadhaa. Kipimo cha shabaha cha juu ya mtutu kiliandikwa namba hadi mita 1,000, na hiyo ilikuwa tambo ya wauzaji, kwa maana mtu wa kulenga kitu kwa bastola katika umbali huo hajazaliwa. Kwa mita 100 au 150, lakini, yenye kitako begani, ilikuwa silaha ya kuogopwa.

Wateja wa mwanzo, 1896–1908

Uturuki iliagiza bastola 1,000, na mwaka 1899 jeshi la majini la Italia likaagiza 5,000. Kwa kiwanda kilichozoea maagizo ya bunduki laki na zaidi, hesabu hiyo ilikuwa ndogo. Majenerali wa Ulaya waliitazama bastola kuwa alama ya cheo kuliko silaha ya kupigania, na hawakuona sababu ya kuiacha rivolva, iliyokuwa rahisi na isiyosumbuliwa na vumbi, kwa ajili ya mtambo wa bei kubwa.

Walioinunua walikuwa maofisa mmoja mmoja, kwa fedha zao. Uingereza ilimwachia ofisa achague bastola yake, na duka la Westley Richards likawa wakala wa Mauser huko. Mmoja wa wanunuzi alikuwa Luteni Winston Churchill, ambaye bega lake la kulia lilikuwa limetenguka alipokuwa akishuka bandarini Bombay mwaka 1896 na ambaye kwa hiyo hakuutumaini mkono wake kwa upanga. Tarehe 2 Septemba 1898 alikuwa pamoja na kikosi cha 21 cha wapanda farasi wa mikuki katika vita vya Omdurman nchini Sudan, ambako jeshi la Jenerali Kitchener wa Uingereza lilipambana na jeshi la Khalifa Abdullahi, mrithi wa Mahdi. Kikosi hicho kilishambulia, kikajikuta ndani ya bonde lililojaa wapiganaji waliojificha, na Churchill akapenya akiwa amerudisha upanga alani na kushika Mauser. Miaka mingi baadaye, katika kitabu chake My Early Life, alieleza kwamba bastola hiyo ilimwokoa.

Simulizi hilo limerudiwa mara nyingi hata likafunika jambo kubwa zaidi la siku ile. Wasudani zaidi ya 10,000 waliuawa kwa saa chache, na waliokufa upande wa Kitchener hawakuzidi 50 hivi, na tofauti hiyo ya kutisha ilifanywa na mizinga, bombomu za Maxim na bunduki zisizo na moshi, si na bastola ya luteni mmoja. Ni katika kivuli cha mauaji hayo ndipo C96 ilipopata sifa yake ya kwanza.

Bastola hiyo ilionekana pia mikononi mwa Makaburu katika vita vyao na Waingereza vya 1899–1902, pamoja na bunduki za Mauser walizokuwa wameagiza kwa maelfu. Paul Mauser mwenyewe alikuwa sasa akisaka bunduki kubwa ya kujipakia, na jitihada hiyo ilimgharimu jicho la kushoto mwaka 1901, silaha ya majaribio ilipomlipukia. Wakati huohuo mpinzani alikuwa amejitokeza. Georg Luger, Mwaustria aliyefanya kazi katika kampuni ileile ya Berlin, aliichukua bastola ya Borchardt, akaipunguza na kuipa mpini unaoshikika vizuri. Uswisi ikaichagua mwaka 1900, jeshi la majini la Ujerumani mwaka 1904, na jeshi la nchi kavu mwaka 1908. Kwa haki, uamuzi huo ulikuwa sahihi, maana Luger ilikaa mkononi kwa mizani nzuri ilhali C96 iliinamisha pua kwa uzito wa sanduku lake. Matokeo yake ni kwamba Mauser ilibaki na bastola nzuri isiyo na jeshi, na ikaiuza kwa yeyote mwenye fedha.

Mikononi mwa wanaopinga dola, 1911–1917

Silaha inayouzwa madukani huwafikia watu ambao serikali hazikuwakusudia. London ya mwaka 1911 ilitikiswa na mzingiro wa mtaa wa Sidney, ambapo wanamapinduzi wachache kutoka Latvia waliwakabili polisi na wanajeshi kwa bastola za kujipakia, na mmoja wa waliotafutwa, aliyejulikana kama Peter Mpaka Rangi, hakupatikana kamwe. Waayalandi waliichukua lakabu ya mtu huyo wakaipa bastola ya Mauser, na katika maasi ya Dublin ya Aprili 1916 bastola za aina hiyo zilikuwemo. Constance Markievicz, mmoja wa viongozi wa maasi, alijisalimisha akiwa nayo.

Kisa cha Bengal ni kizito zaidi. Tarehe 26 Agosti 1914, wiki chache baada ya vita kuanza Ulaya, shehena ya kampuni ya silaha ya Rodda ilipokuwa ikichukuliwa kutoka forodha ya Calcutta, gari moja la ng'ombe halikufika ghalani. Ndani yake kulikuwa na bastola 50 za Mauser na risasi zipatazo 46,000. Mfanyakazi wa kampuni hiyo alikuwa ameshirikiana na vyama vya siri vilivyotaka kuung'oa utawala wa Waingereza, na bastola ziligawanywa kwa vikundi mbalimbali kabla polisi hawajazinduka. Ala zake za mbao zilizogeuka kuwa vitako ziliwafaa vijana ambao sheria ilikuwa imewakataza bunduki. Septemba 1915 Jatindranath Mukherjee, aliyeitwa Bagha Jatin, na wenzake wanne walizingirwa karibu na Balasore, wakapigana na kikosi cha polisi wakiwa na bastola hizo. Alijeruhiwa, akafariki siku iliyofuata. Miaka kumi baadaye, katika tukio la treni la Kakori la Agosti 1925, bastola za Mauser zilikuwa tena mikononi mwa wapigania uhuru wa India. Ni silaha 50 tu, lakini utawala uliokuwa na majeshi kwa malaki ulilazimika kuzisaka kwa miaka.

Namba 9 nyekundu, 1916–1918

Paul Mauser alifariki mwezi Mei 1914, na agizo alilolingoja kwa miaka ishirini likaja baada yake. Vita vya mahandaki vilimaliza bastola kwa kasi, viwanda vya Luger havikutosheleza, na mwaka 1916 jeshi la Ujerumani likaagiza C96 150,000, kwa sharti kwamba zipige risasi ya milimita 9 iliyokuwa ikitumiwa na Luger. Kwa kuwa bastola za risasi mbili tofauti zilifanana mno, tarakimu 9 ilichongwa kwenye mbao za mpini na kupakwa rangi nyekundu, ili askari asikosee gizani. Ziliwasilishwa takribani 137,000 kabla ya vita kwisha. Lilikuwa agizo kubwa kuliko yote ya Ujerumani, na bado lilikuwa la kuziba pengo.

Versailles na Urusi, 1918–1930

Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919, uliipunguza Ujerumani kuwa nchi yenye jeshi dogo na viwanda vya silaha vilivyochungwa. Kwa bastola, kanuni zilizofuata zilizuia mitutu mirefu na risasi ya kijeshi ya milimita 9, hivyo Oberndorf ikarudia risasi yake ya 7.63 na kuukata mtutu kutoka milimita 140 hadi 99. Mabadiliko yaliyokusudiwa kuidhoofisha silaha yaliifanya iwe nyepesi na rahisi kuficha, na mteja wake mkubwa akawa Urusi ya Kisovieti, kiasi kwamba muundo huo mfupi uliitwa Bolo, kwa kufupisha jina la Wabolsheviki.

Warusi walikuwa wameizoea tangu kabla ya mapinduzi, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe iliwapamba makomisaa, yaani wasimamizi wa kisiasa wa Jeshi Jekundu, na maofisa wa Cheka, polisi ya siri. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918, Yakov Yurovsky alipoongoza mauaji ya Tsar Nicholas II na familia yake mjini Yekaterinburg, Mauser ilikuwa miongoni mwa silaha zake. Ala ya mbao iliyoning'inia kiunoni ikawa alama ya mamlaka mapya, na kwa watu wengi alama ya kifo bila hukumu. Kumbukumbu zote mbili ni za kweli, na haifai moja ifutwe kwa ajili ya nyingine.

China, 1916–1937

Hakuna nchi iliyoipokea C96 kama China, na sababu zake zinastahili kuelezwa kwa utulivu. Dola ya Qing ilianguka mwaka 1912. Yuan Shikai, aliyeshika madaraka baada yake, alifariki mwaka 1916. Na nchi ikagawanyika mikononi mwa wababe wa kivita, kila mmoja na jimbo lake, kodi zake na jeshi lake. Mwezi Mei 1919 dola za kigeni, zikiwemo Uingereza, Marekani, Ufaransa na Japani, zilikubaliana kutoiuzia China silaha, na makubaliano hayo yalidumu hadi mwaka 1929. Marufuku hayo hayakumaliza vita. Yalichofanya ni kupandisha thamani ya silaha yoyote iliyoweza kupenyezwa, na bastola inayoingia mfukoni mwa koti au chini ya marobota ya pamba ilipenyezwa kwa urahisi kuliko bunduki ndefu.

Hapo ndipo ala ya mbao ilipopata maana yake kamili. Huko Ulaya ilikuwa kifaa cha ziada kwa ofisa mwenye kikosi nyuma yake. Huko China ilimwezesha mpiganaji asiye na bunduki kuwa na silaha ya begani yenye risasi kumi, inayopakiwa kwa sekunde chache. Wachina waliiita hezipao, yaani mzinga wa sanduku, kwa kuitazama hiyo ala. Walinzi wa wababe, wanajeshi, majambazi wa milimani, walinzi wa matajiri, wote waliitaka.

Mahitaji yalipozidi ugavi, nakala zikaanza. Karakana za China ziliiga, nyingine kwa ustadi na nyingine kwa namna ya kuhatarisha mkono wa mpigaji. Nakala iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile ya Taiyuan, katika jimbo la Shanxi lililotawaliwa na Yan Xishan. Kiwanda chake kilikuwa kikiunda bunduki ndogo za rashasha za muundo wa Thompson wa Marekani, zilizotumia risasi nene ya milimita 11.43, na Yan akaona kwamba askari wanaotumia risasi mbili tofauti ni mzigo kwa ghala. Kwa hiyo mnamo mwaka 1929 mafundi wake waliikuza C96 nzima, mtutu kwa komeo, hadi ikaweza kupiga risasi hiyo. Ziliundwa elfu kadhaa. Inafaa kuitazama kazi hiyo kwa heshima, kwa sababu kuukuza mtambo ambao kila kipande chake kimefungwa na kingine hakukuwa kuiga tena, kulikuwa uhandisi.

Hispania nayo iliuona mwanya. Viwanda vya Wabaski, kama Astra cha Guernica na Beistegui cha Eibar, viliunda bastola zilizofanana na C96 kwa nje na kutofautiana kwa ndani, vikazisafirisha Asia kwa bei nafuu, kisha vikaenda hatua moja mbele kwa kutoa zenye uwezo wa kumimina risasi mfululizo mradi kifyatulio kimeshikwa. Oberndorf, iliyokuwa ikifuatwa na wote, ikajikuta inafuata: mwaka 1932 ilitoa muundo wake wa kumimina risasi, wenye sanduku la kuchomoka la risasi kumi au ishirini. Kwa mwendo wa risasi zipatazo 900 kwa dakika, bastola hiyo ilirusha pua juu mara moja, na husimuliwa kwamba wapiganaji wa China waliilaza ubavu ili teke lake liitembeze kwa upana badala ya kuipandisha angani.

Tarehe 1 Agosti 1927, mjini Nanchang, vikosi vilivyowaunga mkono wakomunisti viliasi dhidi ya serikali ya chama cha Kuomintang. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Zhu De, ofisa mwenye umri wa miaka arobaini aliyebeba Mauser. Maasi yalishindwa baada ya siku chache, lakini mabaki ya vikosi vyake yaliungana na watu wa Mao Zedong mwaka uliofuata, na tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa Jeshi la Ukombozi la Watu wa China.

Baada ya Oberndorf, 1937 na kuendelea

Uundaji wa C96 ulikoma mwaka 1937. Ujerumani ilikuwa ikijiandaa kwa vita vipya na haikuwa na nafasi ya chuma cha kuchonga kwa saa nyingi. Aprili 1945 majeshi ya Ufaransa yaliingia Oberndorf, mitambo ikang'olewa, na mwaka 1949 wahandisi waliokuwa wa Mauser wakaanzisha katika mji huohuo kampuni ya Heckler & Koch, ambayo bunduki yake ya G3 ilikuja kubebwa na wanajeshi na polisi wa Kenya.

Kilichoishi zaidi ya bastola ni risasi yake. Kwa kuwa Wasovieti walikuwa na akiba na uzoefu wa risasi ya 7.63, Fedor Tokarev aliitumia karibu bila kuibadilisha katika bastola yake ya TT ya miaka ya 1930, chini ya jina la milimita 7.62, na katika vita vya 1941–1945 risasi hiyo ikalisha mamilioni ya bunduki ndogo za rashasha za PPSh. China ilizinakili zote mbili. Silaha za nchi hizo mbili zilipoanza kupitia Dar es Salaam, makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963, bastola za TT zilionekana viunoni mwa makamanda wa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, zikiwa na risasi ambayo ukoo wake unaanzia kwa Borchardt na ndugu Feederle.

Bastola ya Zhu De imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya kijeshi mjini Beijing. Juu ya chuma chake yamechongwa maneno machache ya Kichina yanayosema kwamba ni ukumbusho wa maasi ya Nanchang, na kwamba ilitumiwa na Zhu De mwenyewe.